Hugh Dunlavy Walikuwa Wawili

Bonde la Sorrel, Virginia
11 Mei 1971

Binamu Royal,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wagonjwa wote uliowaacha na meno yao ulipostaafu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika, lakini nimeliambia lisubiri, nina kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi ya Bwawa imenijibu. Maji yataanza kupanda Oktoba, na kabla ya hapo makaburi yetu yote ya kilimani yatahamishiwa juu, kando ya barabara ya kanisa. Cormac, babu wa babu yetu, wamemkubali kwa sababu jiwe lake linasomeka. Wengine kumi na mmoja wamekubaliwa pia. Aliyekataliwa ni mmoja tu, yule aliyelala ubavuni mwa Cormac chini ya jiwe la shambani lisilochongwa. Wanasema huyo si ndugu yetu, kwa hiyo atatupwa kwenye kaburi la pamoja la wasiojulikana na kuwekewa kibao cha namba. Namba, Royal, kama gunia la mbegu.

Niliuliza wamejuaje kwamba si ndugu yetu. Mama wa pale ofisini akafungua kitabu cha jalada la kijani, akanisomea ukurasa wa kumi na nne: "Kando ya Cormac amelala mtumishi wa familia, jina lake halikuhifadhiwa. Kapteni Hugh Dunlavy, baba yake Cormac aliyetoka Ireland, amezikwa kwa heshima katika kanisa la mawe la Harlow." Ni kitabu chako. Nilikinunua mwenyewe, nikakutilia na chai siku ulipokileta. Leo ndicho kinachomfukuza mtu kwenye ukoo.

Mimi naamini kabisa kwamba yule wa kilimani ndiye Hugh mwenyewe. Kila Mei, Siku ya Kupamba Makaburi, baba yangu na baba yako walianza na jiwe lile. Maua ya kwanza yalikuwa yake, ya pili ndiyo ya Cormac. Ni nani anayempamba mtumishi kabla ya bwana? Sikuwahi kuwauliza kwa nini, na hilo najilaumu.

Ofisi inasema mwandishi wa kitabu akiapa mbele ya wakili kwamba amekosea, na tukileta karatasi moja ya kale inayothibitisha, watampa Hugh jina lake juu ya kaburi lake. Mwisho ni tarehe 15 Agosti. Karatasi nitaitafuta mimi, na nitaipata. Wewe niandalie kiapo.

Binamu yako,
Nettie Sproul
(aliyezaliwa Dunlavy, usije ukasahau)


Richmond
19 Mei 1971

Binamu Nettie,

Nimeipokea barua yako na kuisoma kwa uangalifu unaostahili.

Kitabu kile kilinichukua miaka sita. Kapteni Hugh Dunlavy alifika Virginia mwaka 1738 akiwa na mke, watoto na hati ya eka mia nne. Jina lake limo katika kila daftari la kaunti. Ni vigumu kudhani kwamba palikuwa na Hugh Dunlavy mwingine bonde lile lile, miaka ile ile, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja.

Tena, mkutano wa ukoo ni tarehe 28 Agosti. Bamba la shaba lenye jina la Kapteni limekwisha chongwa. Watu mia moja na arobaini wanakuja, wengine wanatoka Oregon. Unataka nisimame mbele yao niwaambie nini? Kwamba miaka kumi na mitatu wamekuwa wakining'iniza ukutani picha ya ukoo wa mtu baki?

Maua si ushahidi. Baba zetu walianza na jiwe lile kwa sababu liko karibu na lango. Yaliyolala, Nettie, yaache yalale.

Wako kwa heshima,
Dkt. Royal T. Dunlavy
Mwenyekiti, Jumuiya ya Ukoo wa Dunlavy


Bonde la Sorrel
7 Juni 1971

Binamu Royal,

Lango liko upande wa pili. Umekaa Richmond mno.

Nimekaa siku nne katika chumba cha chini cha mahakama ya kaunti, nikinusa panya na kupekua madaftari. Hugh Dunlavy wako nimemkuta kila mahali kama ulivyosema: kauza farasi, kashtaki jirani, kanunua kiti cha mbele kanisani. Nilikaribia kukuamini. Halafu siku ya nne nikaacha madaftari ya watu, nikaomba la mifugo.

Wewe unajua habari hizi, lakini nakukumbusha, maana naona Richmond inafuta mengi. Zamani zile nyua hazikuwepo. Nguruwe waliachiliwa msituni wajilishe makoko ya mialoni, wa huyu na wa yule pamoja, na kila mwenye nguruwe aliandikisha mahakamani namna anavyokata masikio ya wanyama wake. Alama haikuazimwa wala haikuigwa. Ukikutwa na nguruwe mwenye alama ya mwenzio wewe ni mwizi, na mgongo wako ndio utakaojibu. Alama ilitoka kwa baba kwenda kwa mwana, basi. Sasa soma nilichonakili, na karani amegonga muhuri:

"Machi 1749. Kapteni Hugh Dunlavy: masikio yote mawili yamekatwa ncha."

"Novemba 1751. Hugh Dunlavy wa Sorrel: sikio la kushoto mkia wa mbayuwayu, la kulia tundu."

"Juni 1779. Alama ya Hugh Dunlavy wa Sorrel, marehemu, sasa ni ya mwanawe Cormac."

Basi walikuwa wawili. Mmoja Kapteni wa Harlow, mwingine mtu wa Sorrel asiye na kiti kanisani, na Cormac wetu ni mtoto wa huyu wa pili.

Nakuuliza swali moja tu. Kila Novemba wewe ndiye uliyeshika miguu ya nyuma baba yako akiwakata vitoto vya nguruwe masikio, na ulikuwa ukilia kuliko nguruwe wenyewe. Sikio la kushoto alilikataje?

Nettie


Richmond
14 Juni 1971

Nettie,

Nilikuwa na miaka minane. Sikumbuki masikio ya nguruwe.

Alama kama hizo zilifanana kotekote, na makarani wa siku zile walikuwa walevi. Siwezi kumvua Kapteni cheo chake nikamvika mtoro fulani wa kilimani kwa sababu ya tundu kwenye sikio. Nakuomba usiniandikie tena juu ya jambo hili. Nitakuona Agosti.

Royal


Bonde la Sorrel
16 Juni 1971

Kwa Mwalimu Eunan McGlinchey
Kilvarna, Donegal, Ireland

Mwalimu mheshimiwa,

Hunijui. Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, nafuga nguruwe, na nina binamu mkaidi. Anwani yako nimepewa na kasisi wa huku ambaye mama yake alisoma shuleni kwako, na ambaye anasema mama huyo bado anakuogopa.

Namtafuta baba wa mtu aliyekufa mwaka 1779. Marehemu huyo anaitwa Hugh Dunlavy. Alifika huku akitokea Ireland, sijui mwaka gani wala meli gani. Hakuwa na cheo, hakuwa na kiti kanisani. Alikuwa na nguruwe, na mtoto wake wa kwanza alimwita Cormac. Kuna Hugh Dunlavy mwingine, Kapteni, ambaye amekaa juu ya wetu miaka yote hii kama kuku aliyeatamia mayai ya bata, na nataka kumwondoa. Kaburi la Hugh wetu litapewa jina endapo nitathibitisha ni nani, na siku zinakwenda.

Najua naomba sindano kwenye nyasi kavu. Lakini kasisi anasema hakuna kitu kijiji hicho ambacho hukijui, na ambacho hukijui unakijua lakini umenyamaza.

Nakutakia heri,
Nettie Sproul


Kilvarna, Donegal
3 Julai 1971

Bibi Sproul mpendwa,

Kila mwaka napata barua kama thelathini kutoka Marekani. Mpaka leo nimeombwa kuwatafuta makapteni kumi na wanane, wafalme wanne, na askofu mmoja ambaye sijui alipataje wajukuu. Wewe ni wa kwanza kuniomba nikutafutie mtu wa kawaida. Nilifurahi hata nikaziacha nyasi zangu zikanyeshewa.

Nianze na baya. Karatasi nyingi za nchi hii ziliungua Dublin mwaka 1922, na atakayekuambia amekuta cheti cha kuzaliwa cha Hugh wako, mfungulie mbwa wako, ni tapeli. Ila wenye ardhi hawachomi karatasi zinazowapa ardhi. Wakili wa mji wetu ana sanduku, na mimi nilimfundisha huyo wakili kusoma. Katika orodha ya wapangaji ya 1739 yumo Cormac Dunlavy wa Kilvarna, mwenye kipande cha mlimani, mke na watoto watano. Orodha ya 1742 hayumo. Pembeni mwa jina lake karani ameandika neno moja: "Wamekwisha."

Katikati ya miaka hiyo ilikuja baridi kuu. Viazi viliganda ardhini, ng'ombe wakafa wamesimama, kisha njaa ikaja kukusanya mabaki. Walioweza kutembea waliteremka bandarini wakajiuza. Ndivyo ilivyokuwa: unaweka alama kwenye mkataba, nahodha anakuvusha bure, na ukifika anakuuza kwa yeyote kwa miaka minne au mitano ya utumishi. Asiye na nauli alilipa kwa umri wake.

Siwezi kukuapia kwamba Hugh wako ni mtoto wa Cormac huyu, lakini nakuambia desturi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, na kulivunja hilo ni kumtukana mzee. Hugh wako alimwita wake Cormac. Kapteni wenu nimemwangalia pia, alitoka Antrim, baba yake ni James, na kifungua mimba wake ni James. Cormac kwao hakuna hata wa dawa.

Ng'ombe wangu wawili hulala kwenye kipande cha mlimani kinachoitwa mpaka leo Shamba la Dunlavy. Sijawahi kumwona Dunlavy akikanyaga pale, na mama yangu pia hakuwahi. Ukija, chai ipo.

Wako,
Eunan McGlinchey
(mwalimu mkuu, mstaafu kwa shingo upande)


Bonde la Sorrel
12 Julai 1971

Binamu Royal,

Uliniomba nisiandike. Nimeweka humu nakala ya barua ya mwalimu mmoja wa Donegal, hivyo anayekuandikia ni yeye, mimi nimebandika stempu tu.

Orodha ya wapangaji ninayo, nakala za alama ninazo. Kilichobaki ni wewe na kalamu yako mbele ya wakili. Zimebaki siku thelathini na nne.

Nettie


Bonde la Sorrel
29 Julai 1971

Royal,

Wiki mbili na nusu hujajibu. Simu unampa Lenore aipokee aseme umelala. Mwanamume wa miaka sitini na tisa halali saa tano asubuhi, labda kama anaumwa, na Lenore anasema huumwi. Mkeo hajui kusema uongo, mwonee huruma.

Nimerudia barua zako zote mbili nikiwa nimetulia, na katika ya pili nikakuta jambo. Umeandika "mtoro fulani wa kilimani". Kitabu chako kinasema mtumishi. Mimi sikuwahi kuandika mtoro, hata mwalimu wa Donegal hakuandika, na barua yake ilikuwa haijafika. Neno hilo umelitoa wapi?

Wewe unamjua, Royal. Sijui umemjuaje, wala tangu lini, lakini unamjua. Umeniacha niwe na panya siku nne kutafuta kitu ulichokuwa nacho mfukoni.

Nakuambia wazi kwamba imeniuma. Si kwa sababu ya kitabu, kila mtu hukosea. Imeniuma kwa sababu tulikua nyumba moja, tukala kwenye sufuria moja, na ulipopata baba wa babu zetu ukamficha usinionyeshe. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na mimi sikudhani methali ile itakuja kukaa mezani kwetu.

Sitakupigia tena.

Nettie


Richmond
3 Agosti 1971

Nettie,

Mkia wa mbayuwayu. Baba alilikata sikio la kushoto mkia wa mbayuwayu, na la kulia alitoboa tundu kwa chuma cha mduara. Nilijua hilo ulipouliza. Nimelijua siku zote.

Mwaka 1956 nilikuwa Philadelphia, katika maktaba ya magazeti ya kale, namtafuta Kapteni. Nikamkuta mwingine, kwenye gazeti la Pennsylvania la mwaka 1744. Nilinakili kwa mkono, nikarudi hotelini, nikaifungia kwenye bahasha. Lenore hajawahi kuiona. Ni hii:

"AMETOROKA Jumapili iliyopita kutoka kwa mwenye tangazo hili, mtumishi wa mkataba, Mwairishi, jina lake Hugh Dunlavy, umri wake kama miaka ishirini na miwili. Ni mfupi, mabega mapana, nywele nyekundu, masikio makubwa, na ana pengo pana katikati ya meno ya mbele ya juu. Hucheka akikemewa. Akinywa kidogo husema kwamba baba yake, Cormac, alikuwa na ng'ombe. Amevaa koti la kahawia lililochakaa na viatu vya bwana wake. Amebakiza miaka miwili na nusu. Atakayemkamata na kumrudisha atapata zawadi nono."

Sikuhitaji nguruwe wala Donegal. Nilisoma "pengo" nikajua pale pale. Katika maisha yangu ya kazi nimeziba pengo hilo kwenye midomo kumi na tisa ya ukoo huu, wa kwanza ukiwa wangu.

Unataka kujua kwa nini. Nilipoingia chuo cha meno mwaka 1921 nilikuwa na suti moja na lafudhi ya Sorrel. Walinipigia miluzi ya nguruwe kwenye ngazi miaka mitatu, na nikijibu wanarudia maneno yangu kwa lafudhi yangu. Nilijizoeza kusema upya, kama mtoto. Halafu nikampata Kapteni. Kwa mara ya kwanza niliweza kukaa meza moja na watu wale wale na kusema, sisi tulifika na eka mia nne. Kumbe siku niliyompata Kapteni nilikuwa na miaka hamsini tayari, na wale watu walishanisahau. Mimi ndiye niliyekuwa sijawasahau.

Basi nilipomwona huyu na viatu vya wizi miguuni, niliona aibu. Nikamwandika mtumishi asiye na jina, na kwa sababu Cormac alihitaji baba, nikampa Kapteni. Nilidhani sijamdhuru mtu yeyote, maana alikuwa maiti. Sikujua kuna siku watakuja na bwawa.

Naona aibu sasa kuliko wakati ule. Sijui kama nitaweza kusimama mbele ya watu wale. Niambie utakavyo.

Royal


Bonde la Sorrel
6 Agosti 1971

Binamu Royal,

Nimekutukana asubuhi nzima, nguruwe ni mashahidi. Nikapika mkate wa mahindi kwa hasira hata ukaungua. Mchana nikakaa nikalisoma tangazo mara ya pili, na ya tatu, na hasira ikanitoka yenyewe.

Wewe ulisoma ukaona mtoro. Mimi nimesoma nikamwona Hugh. Kimo chake, mabega yake, nywele zake, meno yake, anavyocheka, anachosema akilewa. Kapteni ana eka mia nne na shaba, lakini kuna anayejua kama alikuwa akicheka? Yule bwana aliketi akamchora mtu wetu kwa maneno, kwa uangalifu wote wa mtu aliyeibiwa viatu, na miaka mia mbili na ushee baadaye hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo. Ulikuwa nayo kwenye bahasha, ewe kichwa cha mti.

Halafu fikiri. Mtoro ana akili gani ya kubaki na jina lake? Nimelizungusha hilo jikoni mpaka likaniingia. Alipanda bonde hili akamkuta Kapteni mwenye jina lile lile, mtu mkubwa anayejulikana na kila hakimu. Nani angeuliza? Ukisikia Hugh Dunlavy unavua kofia. Alijificha chini ya jina la yule mkubwa, na amejificha vizuri hata wewe mwenyewe, kwa miaka sita ya utafiti, ukamsaidia. Huyo si mtu wa kuonea aibu, huyo ni mtu wa kuajiri.

Lile la chuo hukuwahi kuniambia. Ningekuja Richmond nikawaonyesha nguruwe anavyolia kweli.

Utakavyo? Nataka hivi. Njoo tarehe 12. Wakili ana nafasi saa nne. Leta nakala ya tangazo, maana limemtaja Cormac, nalo ndilo linalokamilisha kesi yetu kuliko masikio yote. Kusimama utasimama, na ukishindwa nitakukanyaga mguu kama zamani.

Nettie


Bonde la Sorrel
31 Agosti 1971

Mwalimu Eunan,

Tumempata na tumemzika. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu nusu ya kazi ni yako.

Binamu yangu alikuja tarehe kumi na mbili amevaa suti ya kanisani. Wakili alimsomea kiapo: "Mimi, mwandishi wa kitabu kilichotajwa, nathibitisha kwamba ukurasa wa kumi na nne si kweli." Royal akamwambia aongeze, "na nilijua si kweli." Wakili akasema hilo halihitajiki kisheria. Royal akasema linahitajika kwake, likaongezwa.

Hugh alifukuliwa siku ya Alhamisi. Nilikuwepo. Chini ya jiwe lile hapakuwa na mengi, udongo mweusi kidogo, misumari minne na kifungo cha mfupa. Yule mfukuaji, mtu mpole, alichota udongo wote kwa mkono akaujaza kwenye sanduku, asibakishe. Sanduku lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu mmoja angetosha. Tulilibeba wawili, mimi na Royal, kuliteremsha kilima na kulipandisha barabara ya kanisa, na goti langu halikusema neno. Sasa ana jiwe lililochongwa: Hugh Dunlavy, mwana wa Cormac, wa Kilvarna. Lile la shambani tumelilaza miguuni pake.

Bamba la shaba tuliwapelekea wajukuu halisi wa Kapteni, wana duka la mbegu huko Harlow. Walishangaa kusikia tumewatunzia babu yao muda wote huo bila kudai chochote.

Jumamosi ukoo ukakusanyika kaburini, watu mia moja na arobaini na viti vyao. Royal akasimama. Alianza kwa sauti yake ya Richmond, "Mabibi na mabwana," kisha akawatazama mmoja mmoja mpaka nikaanza kuutafuta mguu wake kwa wangu. Halafu akaanza upya kwa lafudhi ya Sorrel, ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwake tangu tukiwa vijana. Akasema, "Nimewadanganya, na nitawaonyesha nilichowaficha." Akatoa karatasi akasoma tangazo lote, polepole, tangu Ametoroka.

Alipofika kwenye masikio makubwa watu walianza kutazamana. Alipofika kwenye pengo la meno, binamu mmoja wa Oregon aliyekaa mbele akafunika mdomo wake kwa mkono, na mkewe akamwondoa mkono. Alipofika "hucheka akikemewa", mama mmoja alimgeukia mumewe akasema, "Si nilikuambia?" Baada ya hapo hapakuwa na utulivu tena, kila mtu anamkagua jirani yake. Wapo waliokunja uso. Wazee wawili walibeba viti vyao wakaondoka, na sidhani watarudi. Royal aliwaona, akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Mkubwa wetu sote ni Shangazi Zelpha, ana miaka tisini na minne, hasikii vizuri na hana haja ya kusikia vizuri. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na blanketi magotini, ameinamisha kichwa, sote tukidhani amesinzia. Akainua uso akapaza sauti kama wafanyavyo viziwi.

"Royal. Huyo kijana, walimkamata?"

Royal akaikunja karatasi. Akaenda, akapiga goti kwenye nyasi na suti yake ile, akaweka mdomo sikioni mwa Shangazi, akapiga kelele kiasi kwamba hata waliokuwa wakiondoka walisikia.

"Hapana, Shangazi. Hawakumkamata."

Wako kwa shukrani,
Nettie Dunlavy Sproul